Ini la Mlaji wa Wilaya

Kila asubuhi, kabla baba hajatoka, nilikuwa napiga magoti na kumfunga kamba za viatu. Baba hakuwa mvivu. Kati yake na viatu vyake kulikuwa na tumbo, na tumbo lile halikuwa lake, lilikuwa la serikali, hivyo asingeweza kulikunja apendavyo. Mimi nilifunga, yeye aliangalia dari na kuniuliza nimeota nini. Nilimwambia ndoto niliyoota, na kama sikuota, nilitunga. Huo ndio ulikuwa muda wetu wa mazungumzo.

Asubuhi ninayotaka kuieleza nilikuwa nimemaliza kiatu cha kushoto. Nilikuwa katikati ya ndoto ya uongo kuhusu ng'ombe anayeimba kwaya, ndipo gari la wilaya likaingia uani kwa king'ora na kuangusha kamba ya nguo za mama.

"Mlaji! Mlaji yuko wapi?" Alikuwa Bwana Chenga, Afisa Habari wa Wilaya, aliyeruka kabla gari halijasimama. "Mzee Ngwali, vaa koti upesi! Hali ni mbaya. Redio ya nje imesema watu wa wilaya yetu wanakula mizizi!"

"Mizizi gani?" mama aliuliza kutoka jikoni. "Mihogo?"

"Mama, tafadhali, usilete uchochezi asubuhi hii."

Baba aliondoka na kiatu kimoja hakijafungwa. Mimi nilibaki nimepiga magoti mbele ya kiti kitupu, na ng'ombe wangu hajamaliza wimbo.

*

Kwa msomaji wa nchi nyingine, ambaye huenda kwao njaa hutibiwa kwa chakula, ni vizuri nieleze.

Nchi yetu iliwahi kupata ukame. Serikali yetu, ambayo ina huruma kuliko serikali zote ninazozijua, nami sijapata kujua nyingine, ilikaa ikafikiri. Ikaona kwamba kulisha watu wote ni kazi isiyo na shukrani, maana mtu ukimlisha leo, kesho anaona njaa tena, utadhani hukumfanyia lolote. Ikaamua kumlisha mtu mmoja katika kila wilaya, lakini kumlisha sawasawa. Mtu huyo anaitwa Mlaji wa Wilaya. Kila panapozuka uvumi wa njaa, Mlaji hupelekwa uwanjani, hupangiwa masinia, na hula mbele ya kamera mpaka uvumi uishe.

Baba alikuwa fundi baiskeli. Alikuwa mwembamba kama baiskeli zake. Siku moja alialikwa kwenye harusi ya mtoto wa Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Lubawa, akala pilau kwa uso wenye furaha kiasi kwamba hata waliokwisha kushiba walirudi kwenye foleni. Mheshimiwa aliuona ule uso. Kesho yake baba akawa Mlaji.

Chakula chake kilipangwa na Wizara ya Shibe. Asubuhi mkate mweupe wenye siagi, mandazi na chai nzito ya sukari. Mchana kuku wa kukaanga na chipsi, au biriani ambalo mafuta yake yanaonekana kwa kamera bila kutafuta. Jioni keki. Kati ya vyote hivyo, soda nyekundu, kwa kuwa rangi hiyo inatoka vizuri kwenye picha. Mboga za majani zilipigwa marufuku, kwani mtu anayekula mchicha hadharani anafanana na mtu mwenye shida. Kachumbari iliruhusiwa mwanzoni, ikaondolewa pale mwandishi mmoja alipoandika kwamba Mlaji wetu ameanza kula majani mabichi.

Baiskeli yake ilichukuliwa. Mtu aliyeshiba, walisema, hana safari.

Na mabaki? Watu huuliza. Mabaki yalifukiwa nyuma ya uwanja, mbele ya askari. Kuwagawia wananchi kungekuwa ni kukiri kwamba wanayahitaji.

*

Siku ile ya mizizi, redio ya nje ilichelewa kujisahihisha, hivyo baba akala tangu asubuhi mpaka saa za alasiri. Alirudi akiwa ameegemea mlango wa gari, mkono ameuweka chini ya mbavu za kulia.

"Hapa pana kitu kama tofali," aliniambia.

"Linauma, baba?"

"Haliumi. Limekaa tu. Kama mgeni asiyeaga." Akajaribu kucheka. "Ila nimechoka, Siwema. Nachoka hata nikiwa nimelala."

Mimi nilisomea lishe chuoni, na kazi yangu ni kupima watoto kliniki. Nilimpeleka hospitali. Daktari Nyemo, kijana mpole ambaye kola ya shati lake ilikuwa imechakaa, alimpaka baba kitu cha baridi tumboni na kupitisha kile kidude chao, huku picha ikitokea kwenye kioo.

"Mzee, unakunywa pombe?"

"Sijaionja tangu nizaliwe."

"Soda je?"

"Soda ni kazini."

Ini la baba lilikuwa linang'aa kwenye kioo, jeupe kuliko inavyopaswa. Nilijua kabla daktari hajasema. Nilifundishwa vizuri.

"Ini limejaa mafuta," Daktari Nyemo alisema. "Watu wengi wanayo hali hii na hawajui, maana mara nyingi haina dalili. Ninavyoona, bado halijapata makovu. Akiacha vinywaji vya sukari, akapunguza vya kukaanga na unga mweupe, akala maharage, mboga, samaki, ugali wa dona, akatembea kila siku, na mwili ukapungua polepole, ini linaweza kurudi katika hali yake. Lakini akiendelea hivi, litaanza kuota makovu. Hapo tutakuwa tunaongea habari nyingine kabisa."

Kisha akaangalia dirishani, akaangalia mlango, akasimama wima.

"Hayo nimeyasema kama Nyemo," alisema. "Kama daktari wa serikali, nakupongeza, Mlaji."

Tulipofika kwenye kibaraza baba alisimama kupumzika.

"Alisema maharage?" aliuliza.

"Alisema maharage, baba."

"Na mchicha?"

"Na mchicha."

"Wa nazi?"

"Nazi kidogo tu."

Alifumba macho. Tangu awe Mlaji, sikuwahi kuuona uso wake ukiwa na ile furaha ya harusini, isipokuwa pale, kwenye kibaraza cha hospitali, hakuna sinia wala kamera.

Bwana Chenga tulipomwomba ruhusa alitushangaa kwa moyo mmoja. "Mlaji apumzike? Mnataka wilaya nzima ionekane inafunga? Dada Siwema, wewe ni msomi, fikiri."

*

Nilifikiri. Nikamkumbuka Mwalimu Salha.

Mwalimu Salha ndiye aliyenifundisha chuoni. Alikuja darasani na ini la ng'ombe kwenye beseni, akalishika kwa mikono miwili kama mtu anayeshika kichanga. "Ini halilalamiki, wanangu," alituambia, na machozi yakamlenga. "Linabeba, linabeba, liko kimya. Msimtwishe mtu kwa sababu tu hasemi." Nilikuwa msichana wa kukaa nyuma, wa kujibu maswali moyoni. Niliposikia hayo nilidhani ananisema mimi. Siku ya mahafali, shali langu lilipochelewa kufika, alivua lake akanifunika. Akaniita mwanangu. Tangu siku ile, kila aliponisemesha jibu langu lilikuwa moja: "Asante, Mwalimu."

Sasa alikuwa Mkurugenzi wa Lishe katika Wizara ya Shibe. Nilipanda basi mpaka makao makuu, na picha ya ini la baba, ile aliyotuchapia Daktari Nyemo, kwenye mkoba.

Getini mlinzi alinitazama juu mpaka chini.

"Dada, hivyo ulivyo huingii."

"Nimevaa vibaya?"

"Umekonda vibaya. Humu wanapita mabalozi." Akafungua kabati, akanipa mto mdogo. "Weka chini ya gauni, hapo tumboni. Ukitoka urudishe, mto wa jana umeondoka na mtu."

Nilipanda ngazi nikiwa mjamzito wa sufi.

Mwalimu Salha alinipokea kwa kunikumbatia, mto wangu ukagonga wake. Alifunga mlango kwa ufunguo, akachomoa mto chini ya gauni lake na kuukalia. Akafungua hotpoti. Ndani mlikuwa na kunde zilizochemshwa, matembele, na pembeni vipande vya papai. Akamimina chai isiyo na sukari.

"Keti, mwanangu. Hapa tuko wawili tu. Toa hilo lako upumue."

Sikumbuki kama nimewahi kujisikia salama kama siku ile. Nilimwambia yote. Tofali, uchovu, mguu ambao baba hawezi kuufikia. Nilipomwonyesha picha aliisogeza dirishani, akaiangalia kwa muda mrefu.

"Bado anaweza kupona," alisema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, Mwalimu. Wakimwachia sasa."

"Niachie picha hii."

"Utamsaidia?"

Akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa na joto la kikombe. "Siwema, nikikuangusha mimi, nani atakuinua?"

"Asante, Mwalimu," nilisema.

Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Nilimwambia baba asubiri kidogo. Mama akapalilia upya kitalu cha mchicha, akakimwagilia asubuhi na jioni.

*

Mchicha haujafika hata kifundoni, bango likasimamishwa kwenye mzunguko wa barabara, pale panapoingilia soko.

Lilikuwa ini la baba. Lilikuwa kubwa kuliko duka, jeupe, linang'aa, na jina lake chini. Juu yake paliandikwa: INI LENYE AKIBA, TUNDA LA UONGOZI BORA.

Redio ya taifa ilimleta Mwalimu Salha kueleza. Nilimsikia nikiwa kliniki, na mtoto wa watu kwenye mzani.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa muda mrefu wasiotutakia mema wamesema nchi yetu haina akiba. Leo sayansi imewaumbua! Tumechungulia ndani ya Mlaji wetu, tukakuta chakula kimekuwa kingi mpaka kimekosa pa kukaa, kikaenda chenyewe, kwa hiari yake, bila kushurutishwa, kujipanga ndani ya ini! Nani ataweka akiba mahali hapo kama ana njaa? Na ningependa kumshukuru binti mzalendo, mwanafunzi wangu mwenyewe, Siwema Ngwali, aliyetutolea baba yake kwa moyo mweupe."

Mama wa mtoto aliniangalia. "Ni wewe dada? Hongera jamani. Tumeliona la mzee. Limenona!" Kisha akauliza kama mwanawe ameongezeka. Alikuwa amepungua.

Jioni gari la wilaya lilimpitisha baba kwenye mzunguko, ili apigwe picha akiwa chini ya ini lake. Nilienda naye.

"Hilo ni langu?" aliniuliza.

"Ndiyo, baba."

"Wamelipataje?"

"Nilimpa Mwalimu Salha."

"Yule wa shali?"

"Yule."

Akalitazama tena. Njiwa mmoja alikuwa ametua juu ya ukingo wake. "Labda hakuielewa picha," baba alisema. Siku zote alikuwa mwepesi wa kumwombea mtu radhi. "Unajua, watu wa ofisini wana mambo mengi."

"Baba, yeye ndiye aliyenifundisha kuisoma."

Mpiga picha akamwambia atabasamu, akatabasamu.

Nilimpigia Mwalimu simu. Alikuwa mchangamfu.

"Mwanangu! Umeona tulivyompandisha mzee? Sasa ni hazina ya taifa."

"Mwalimu, mimi niliomba aache kula."

"Ataacha, ataacha. Mambo haya huenda kwa hatua. Hatua ya kwanza ni Siku ya Shibe, tukishaivuka tutazungumza. Nawe nimekupigania, umepata cheo. Utakuwa Mlishaji Rasmi wa baba yako. Si ulikuwa na wasiwasi na chakula chake? Basi kitapita mkononi mwako."

Nilikuwa na maneno. Yalikuwa yamejaa mdomoni. Yalitoka haya: "Asante, Mwalimu."

*

Siku ya Shibe huadhimishwa wakati wa kiangazi, ghala zikiwa tupu, maana ndipo inapohitajika zaidi.

Uwanja ulijaa. Watu walikuwa wametoka mbali kwa miguu, na kwa kuwa walikuwa hawajala, waliweza kukaa wengi kwenye benchi moja. Jukwaani palikuwa na ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma aliyepambwa kama keki ya harusi, mdomoni kabandikwa ua la karatasi. Karibu yake mlima wa chipsi, sambusa, keki yenye rangi za bendera, na soda nyekundu.

Mheshimiwa Lubawa alifungua kwa hotuba.

"Kuna watu wanasema Mlaji anakula peke yake! Huo ni uzushi! Mlaji hali peke yake. Sisi sote tunakula naye, kwa macho!"

"Mheshimiwa," alipaza sauti mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, "macho yangu yameshiba kabisa, hebu sema na tumbo!"

"Ahsante sana mama," alisema Mheshimiwa, "kwa ushuhuda huo."

Baba alikuwa ameketishwa katikati, koti limemkaba. Mwalimu Salha alisimama kando yetu, gauni lake limetuna vizuri. Mshereheshaji, bwana mmoja mwenye koti la kumeta, alizunguka na kipaza sauti. Kazi yake kubwa ilikuwa kukisogeza mdomoni mwa Mlaji kila anapotafuna, kwa sababu redio ilikuwa inarusha mlio wa kutafuna moja kwa moja, kwa ajili ya wilaya za mbali.

"Sasa!" aliita. "Kama ilivyo mila yetu, binti atamlisha baba! Vigelegele viko wapi?"

Msomaji anaijua mila hiyo. Kwenye harusi, kwenye kipaimara, kwenye kuaga binti, tunalishana. Tonge linakatwa, linachomwa kwa kijiti, linapelekwa kinywani mbele za watu, na anayelishwa hufumbua mdomo. Kukataa tonge la hadharani ni kumvua nguo aliyekulisha. Sijapata kuona mtu akilikataa.

Nilikata kipande cha ndafu. Kilikuwa cha mkiani, mafuta matupu, yakinidondoka mpaka kwenye kifundo cha mkono. Baba aliniangalia.

"Leo ni matofali mawili," alininong'oneza. Kisha akafumbua mdomo, kwa sababu nilikuwa mwanawe na mkono ulikuwa wangu.

Mkono wangu haukwenda.

"Mlishe, mwanangu," alisema Mwalimu Salha, akitabasamu kwa ajili ya kamera.

Mimi ni mtu niliyelelewa kwa adabu, na kwetu mkubwa hutangulia. Nilimgeukia.

"Kwanza Mwalimu wangu," nilisema, nikampelekea yeye lile tonge.

Uwanja ulipasuka kwa vigelegele. "Ale! Ale! Mwalimu ale!" Mheshimiwa alipiga makofi, akaona jambo zuri la heshima. Mshereheshaji hakutaka redio ikose mlio huo. Aliruka na kipaza sauti, akakiweka karibu kabisa na midomo ya Mwalimu Salha.

Mwalimu alirudi nyuma kidogo. Tonge likamfuata. Tabasamu lake lilibaki pale pale, ila macho yake yaliangalia mafuta yale kama alivyokuwa akituangalia sisi chuoni tukikosea jambo la hatari. Akasema kwa meno yaliyofungwa, akidhani nasikia mimi tu:

"Siwema, acha upuuzi. Siwezi kula uchafu huu. Nina ini moja tu."

Vipaza sauti vya uwanja vilikuwa vipya. Vilinunuliwa kwa ajili ya siku hiyo. Maneno yale yalikwenda mpaka mwisho wa uwanja, yakagonga ukuta wa ghala, yakarudi.

Vigelegele vilikatika. Mtoto wa yule mama akapiga chafya, tukaisikia sote.

Baba alikuwa bado amefumbua mdomo. Aliufumba. Akamgeukia Mwalimu Salha taratibu, jinsi tumbo lilivyomruhusu, na akamuuliza bila hasira, kama mtu anayeuliza njia:

"Kwani mimi ninayo mangapi, Mwalimu?"

Mheshimiwa Lubawa alitazama saa. Bwana Chenga alikimbia kwenye bendi, na wapigaji wakamtazama tu, midomo yao ikiwa juu ya matarumbeta. "Mlaji anapumzika kidogo, ndugu wananchi," alisema mshereheshaji kwa sauti iliyokauka, na mtu mmoja kutoka nyuma akamjibu, "Mwacheni mzee wa watu apumzike moja kwa moja!"

"Mlishe!" Mheshimiwa alinifokea. "Mlishe upesi!"

Mwalimu Salha aliniwekea mkono begani. Ulikuwa mkono ule ule wenye joto. "Mwanangu," alisema, sasa kwa upole, "usiharibu. Baba ale hili moja tu, tumalize, halafu mimi na wewe tutazungumza." Akasubiri. Alijua neno litakalofuata, maana hakuwahi kupata jingine kutoka kwangu.

Niliweka tonge kwenye sinia. Kipaza sauti kilikuwa bado kati yetu, mkononi mwa bwana aliyekuwa amesahau kukiondoa.

"Hapana," nilisema, na sauti yangu ikanirudia kutoka pande zote za uwanja, kubwa kuliko nilivyopata kuisikia. "Baba yangu anaumwa. Hatakula. Mheshimiwa hajui ini ni nini, na Bwana Chenga anasema anachoambiwa aseme. Wewe ulijua, Mwalimu. Uliipeleka picha dirishani ukaniambia anaweza kupona. Wewe ulijua."